Chandarua cha Bibi na Machela ya Hamisi

Asubuhi ile Hamisi aliingia jikoni akiwa amevua shati, akanigeuzia mgongo bila kusema neno. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaiacha mbuzi, nikamsogeza mlangoni penye mwanga. Vipele vilikuwa vimemjaa mabegani na kushuka pande mbili za uti wa mgongo mpaka kiunoni, kila mahali mwili ulipoegemea kitambaa. Nilivihesabu kwa ncha ya kidole, nikapata 23. Usoni hakuwa na hata kimoja, wala mikononi, wala kifuani.

Usiku kucha alikuwa amelala ndani ya chandarua nilichokifunga mimi mwenyewe. Nilikizungusha machela yote, kibanio baada ya kibanio, nikapitisha tochi pembe zote kabla sijaingia ndani. Hakuna mbu aliyepita. Na bado mwanangu alikuwa ameumwa hivyo.

Mambo haya yalianza mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni. Baba Salma anafundisha shule ya msingi hapa Muheza na ndiye mlezi wa Skauti shuleni kwao. Alitaka likizo ya Juni awapandishe vijana Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki, walale usiku wa kwanza bondeni karibu na mto Sigi, wa pili huko juu. Ni msitu ninaoupenda kuliko mahali popote. Lakini kulala chini kule ni adhabu. Mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, majani yaliyooza hayakauki, ardhi yote ni mteremko, na siafu wakiamua kupita wanapita, hawamzunguki mtu aliyelala. Kitanda cha kule ni kile cha kuning'inia baina ya miti miwili. Vya dukani vilituzidi bei. Mimi nina cherehani ya mguu na miaka kumi na tisa ya kushonea watu, basi nikasema nitashona cha kwanza, kikifaa tutashona na vya wengine.

Jina lenyewe lilileta mjadala kabla hata sijashika mkasi. Mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tunamwita Bibi, aliposikia machela aliweka chini ungo wa mchele.

"Machela ni ya kubebea mgonjwa," akasema. "Mtoto mzima hamlazi kwenye machela."

Baba Salma akamweleza mama yake taratibu, kama anavyoeleza darasani, kwamba neno tulilipata kwa Wareno, na kwamba zamani machela ilikuwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, mtu akalala ndani na wapagazi wakambeba mabegani. Akaendelea kwamba kitanda cha aina hiyo asili yake ni Amerika, na Columbus alikikuta kwa Wataino, visiwa vya Karibiani, mwaka 1492. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nimeona wangapi wamepita hapa barabarani juu ya machela, na wangapi wamerudi kwa miguu yao."

Hamisi akasema basi tuite pembea. Hakuna aliyeitikia, likabaki machela.

Kitambaa nilichotumia ni parashuti, ile nailoni nyembamba ya majaketi, mita 3 kwa mita moja na nusu. Ncha zote mbili nilizikunja upindo mpana kama wa suruali ya kamba, nikashona mistari mitatu. Humo ndimo kamba ilipita, na ukiivuta kitambaa kinajikusanya chenyewe. Kazi ya jioni moja. Shida ilikuwa chandarua.

Ndani ya kabati tulikuwa na chandarua cha zamani, cha buluu, kilichokwisha kutoboka. Nikakitoa Jumamosi, nikakifua pamoja na kile cha Bibi, ambacho pia ni cha buluu, nikavianika kivulini nyuma ya nyumba, kwa sababu jua hula dawa iliyomo. Nikaenda sokoni. Niliporudi nilikuta Baba Salma ameshakata. Alikuwa amefanya hesabu nzuri, na hilo nalisema kwa dhati. Chandarua cha mstatili kina kuta nne. Ukikitoa paa na kukipasua kona moja, unabaki na utepe mmoja mrefu, wetu ulikuwa wa sentimita 740 kwa 150. Alikuwa ameukata katikati, vikawa vipande viwili vya 370. Nikaviunga ubavu kwa ubavu, kikawa kitambaa kimoja cha mita 3 kwa 370. Ile mita 3 ilikuwa sawasawa na urefu wa machela. Niliilaza machela mezani, nikaishona ile neti ukingo huu, ikapanda juu kama paa la gari, ikashuka ukingo wa pili. Ubavuni nikaweka zipu ya sentimita 90 niliyoifumua kwenye begi lililochanika. Nilikuwa nimefurahi. Mshono ulikuwa umenyooka na hapakuwa na nafasi hata ya sisimizi.

Kamba ilikuwa ya katani. Baba Salma ni mtu wa Tanga na kwake kamba ni katani, si kitu kingine. Baba yake alikata mkonge ujana wake wote. Akaifunga machela kati ya mwembe na mchungwa, akaikaza mpaka ikalia ukiigusa. Aliitaka iwe bapa kama kitanda. Akafungua zipu, akakaa, akanyanyua miguu, akalala.

Kwanza tulisikia mshono. Ulianza katikati ya ukingo wa kulia ukakimbia kuelekea miguuni, na ile neti ikampiga usoni. Akageuka kujinasua, na hapo kamba ya upande wa mwembe ikakatika. Alidondoka kutoka urefu wa magoti, mgongo wa chini ukatangulia. Salma alipiga kelele. Nilipomfikia alikuwa ananyanyua mkono kutuonyesha kwamba anapumua.

Siku mbili alitembea ameshika kiuno, na siku hizo mbili alizitumia kuchora. Alinionyesha kwenye daftari la Hamisi, na mimi niliyeacha shule darasa la saba nilielewa pale pale. Kamba ikishuka kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi, kila upande unavutwa kwa uzito uleule wa mtu aliyelala. Ukiikaza mpaka mteremko ubaki nyuzi 10, kila upande unavutwa karibu mara tatu ya uzito wake. Yeye ana kilo 70. Kila upande wa ile kamba ulikuwa unavutwa kama na kilo 200, huku nyuzi zake zikisagwa na gamba la mwembe. Kulegeza ndiko kulikohitajika, na mtu alale mshazari, ndipo mgongo unyooke.

Lakini kosa la mshono lilikuwa langu, na lilinikera kwa sababu nalijua tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi. Suruali haipimwi mtu amesimama tu. Unamwambia akae, unaona kitambaa kinavutwa wapi. Mimi nilishona machela ikiwa imelazwa mezani, tupu. Mtu akilala ndani, kingo zinajikaza na tumbo la kitambaa linashuka, na chochote ulichokishonea pale kinashuka nalo. Neti ni uzi mwembamba. Haikuwa na pa kwenda ila kuchanika.

Jioni ya siku ile ya kuanguka, tukiwa bado tunamkanda Baba Salma kiuno, Bibi aliingia chumbani kwake kulala. Tukamsikia anaita, si kwa sauti kubwa.

"Mama Salma. Chandarua changu kiko wapi?"

Nilikwenda na tochi. Kwenye misumari minne ya kuta zake zilikuwa zinaning'inia kamba nne, kila moja na kitanzi chake, na chini yake kitanda kilichotandikwa. Nikakimbilia nyuma ya nyumba. Kwenye kamba ya kuanikia kilikuwapo chandarua kimoja cha buluu, na matundu yake niliyafahamu.

Chandarua kile alinunuliwa na wifi yangu alipokuja Idi. Bibi hukishusha kila magharibi kwa mikono yake, anachomeka pindo chini ya godoro kuanzia miguuni, hataki kusaidiwa. Nilipiga magoti mbele yake. Baba Salma naye alikuja ameshikilia ukuta, akamwomba mama yake radhi, akasema mkasi aliushika yeye. Bibi hakutugombeza. Aliuliza kama vile vipande vipo. Nikamwambia vipo. "Basi msivitupe," akasema.

Usiku huo tulifungua chandarua cha kitandani kwetu tukamfungia yeye, sisi tukalala na shuka mpaka kichwani. Jumatatu nilimnunulia kingine kwa fedha ya sare za shule nilizokuwa nimeshona. Alikipokea. Lakini kwa siku kadhaa nilimwona akikishika pindo na kulisugua kati ya vidole viwili kama mtu anayepima kitenge dukani.

Wiki iliyofuata tulibadilisha karibu kila kitu. Kamba ikawa ya nailoni, na kuzunguka miti tukaweka mikanda mipana ya mabegi ili isisagike wala isiumize gamba. Machela ikalegezwa. Juu yake Baba Salma akapitisha uzi mmoja imara, kutoka ncha hii mpaka ncha ile, wa mita mbili na nusu, ili hata ukifungwa kwenye miti gani machela ipinde kwa kipimo kilekile. Hamisi akauita mtambaapanya, kama ule wa paa, na kweli kazi yake ni ileile: neti ilipanda juu ya uzi ule ikashuka pande mbili. Badala ya kuishona kwenye kingo za machela, safari hii niliibana kwa vibanio vya nguo, kila baada ya kiganja kimoja. Mtu akilala, vibanio vinateleza kidogo, neti haichaniki. Nilimwambia Hamisi alale kwanza ndipo nibane. Nilipima mtu akiwa ndani, kama inavyotakiwa.

Ndiyo asubuhi ya vile vipele 23.

Nililitafakari jambo hilo nikiwa nampaka mafuta. Neti ilikuwa imemlinda juu na ubavuni. Chini yake palikuwa na parashuti tupu, na parashuti ni nyembamba. Uzito wa mtoto ulikuwa umeikaza juu ya ngozi yake kama soksi. Kitandani kuna godoro, mbu hana njia. Kwenye machela mgongo wote unaning'inia hewani, umefunikwa kitambaa ambacho mrija wa mbu unapita bila kazi. Jambo hili lilitakiwa linijie mapema. Kila mama hapa anajua kwamba mtoto akiegemeza goti kwenye chandarua mbu humuuma kwa nje, na ndiyo maana tunawasogeza katikati ya kitanda usiku. Mgongo wa Hamisi ulikuwa lile goti.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu. Ukiumwa na mbu mwenye malaria, homa haiji kabla ya wiki moja kupita, na aghalabu huja kati ya siku ya tisa na ya kumi na nne. Kila jioni nilimgusa shingo nikijifanya namrekebishia kola. Siku ya kumi na moja, Jumatano, alirudi shuleni akaomba kulala wakati wenzake wanacheza mpira. Ngozi ilikuwa inachoma. Kituo cha afya walimtoboa kidole, tukangoja dakika zile za kipimo, na mistari ikatoka miwili.

Alipewa dawa mseto. Ana kilo 31, kwa hiyo vidonge vitatu kila mara, mara sita kwa siku tatu. Ya pili saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Mseto haupendi tumbo tupu, unataka chakula chenye mafuta ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Nilimpikia uji wa mchele kwa tui zito, nikakaa naye mpaka kijiko cha mwisho. Dozi ya pili iliangukia saa sita usiku. Nilimwinua amelegea, jasho limelowanisha kanga niliyomfunika, akameza macho yamefumba. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, tasbihi mkononi. Hakulitaja neno machela. Nilimshukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ya tatu mtoto aliomba chapati. Baba Salma aliniambia niiache kazi, atawaambia vijana safari imeahirishwa. Alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Mimi nilikataa. Vijana wale wangekwenda Amani siku moja, kwa machela au bila machela, na Sigi ni bondeni, pana maji na pana mbu. Kama nimeshajua mahali mbu anapopita, siwezi kunyamaza.

Alipendekeza tutandike blanketi ndani. Tulijaribu. Hamisi akigeuka linamfuata upande mmoja, mgongo unabaki wazi palepale, na kwa joto la huku chini hakuna mtoto atakayelivumilia mpaka alfajiri. Nikapendekeza nishonee neti ya pili chini. Lakini ingegusa tumbo la machela, na neti inayogusa ni sawa na hakuna.

Bibi ndiye aliyetutoa gizani. Tulikuwa jikoni, mimi nikizungumza zaidi na nafsi yangu kuliko na yeye, na yeye alikuwa anashusha susu. Bado tunalo moja, la kamba za kumbi, limening'inia kwenye boriti juu ya meko. Humo huweka kitoweo kilichobaki ili paka na panya wasikifikie. Akatoa chungu, akakiweka chini, susu likabaki linacheza hewani.

"Wewe unashona chandarua kwenye machela," akasema. "Susu halishonwi kwenye chungu, Mama Salma. Chungu ndicho kinachoingia ndani ya susu."

Niliacha kisu na vitunguu. Nilikwenda nikaichukua ile neti sandukuni, nikaitandaza kitandani kwake. Mita 3 kwa 370. Zile kingo mbili za mita 3, ambazo kwanza nilizishona kwenye machela na mara ya pili nikazibana kwa vibanio, zilitakiwa zikutane zenyewe kwa zenyewe. Likawa bomba. Machela ingepita katikati yake kama mguu ndani ya suruali, mtambaapanya ungelinyanyua juu, na chini lingening'inia huru, mbali na mgongo wa mtu. Huku mwishoni na kule mwishoni, upindo na uzi wa kukazia juu ya kamba. Hatukuhitaji kununua hata robo mita. Chandarua cha Bibi kilikuwa kinatosha tangu siku ya kwanza.

Nililala saa tisa usiku siku hiyo. Paa la chandarua, lile lililobaki, nilikata viraka nikaziba mpasuko wa ukingo wa kulia. Neti ya namna hii ina matundu kama 25 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Sindano nene ikikosea hufungua tundu kubwa kuliko yote uliyoyakuta, kwa hiyo nilitumia sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo na nikashona polepole, nikizungusha gurudumu kwa mkono. Kwenye mkunjo mmoja nilikuta alama ya chai, mviringo wa kikombe. Ni ya Bibi. Sikuikata. Zipu niliiacha palepale, na safari hii haikuwa na kinachoivuta.

Kwenye kamba, nje ya zile nyuzi za kukazia, nilifunga matambara madogo yaliyochovywa mafuta ya taa. Sisimizi wa mwembe wetu wanajua kutembea juu ya kamba.

Jumamosi tulifunga machela juu kidogo kuliko mwanzo, ili neti isiburure chini. Nilimkagua Hamisi mgongo kabla hajaingia. Vipele vya zamani vilikuwa vimebaki madoa meusi. Aliingia, akafunga zipu mwenyewe, akalala mshazari kama alivyofundishwa. Baba Salma akakaa barazani na taa imezimwa. Bibi alikuwa ameshashusha chandarua chake, lakini dirisha lake lilikuwa wazi.

Saa nne usiku nilitoka na tochi, nikachuchumaa kwenye majani chini ya machela. Kwa juu yangu niliona umbo la mwanangu kwenye parashuti, mabega, kiuno, visigino. Chini ya umbo hilo palikuwa na hewa, kisha neti. Walikuwapo. Nilihesabu sita upande huo peke yake, wanatembea juu ya neti, wanasimama, wanajaribu. Mmoja alikuwa ametua kichwa chini mkia juu, mtuo wa wale wa malaria. Mrija wake ulipita kwenye tundu ukaishia hewani. Nikaingiza mkono kwa kule mwisho, kwenye ule upindo, nikaupitisha kati ya neti na machela mpaka chini ya mgongo wa Hamisi. Kiganja kilisimama wima na bado hakikugusa kitambaa. Nikautoa upesi, nikakaza uzi.

"Mama," akasema kutoka juu, sauti imejaa usingizi. "Wapo?"

"Wapo," nikamwambia. "Lala."